Umedhulumiwa: uiachie karma, ulipize, au udai chako? Tuziweke pamoja tuone

Kila mtu aliyewahi kufanyiwa ubaya ameshaambiwa hii, "achana naye, malipo ni hapahapa duniani". Anakwambia rafiki, anakwambia dada yako, anakwambia hadi mtu wa kwenye grupu ambaye hata sura yake huijui, na wengi wanasema kwa nia njema kabisa, wanataka tu usiku upate usingizi. Ila ukikaa ukaiangalia vizuri huo ni ushauri wa kuchagua, unaambiwa chagua kusubiri, na kama ni kuchagua basi hiyo njia lazima iwekwe pembeni ya njia nyingine tuone inamfaa nani na inamfaa lini. Mi naona njia kubwa ziko tatu: kuiachia karma (yaani kuamini ubaya wake utamrudia wenyewe), kulipiza kisasi, na kudai haki yako waziwazi. Kusamehe ntakugusa hukohuko njiani maana watu wanakuchanganya sana na hiyo njia ya kwanza wakati ni vitu viwili tofauti.

Niseme msimamo wangu mapema. Naamini matendo yanarudi, tena naamini sana. Lakini kwa maisha ya kila siku yanarudishwa na watu, wale wanaokumbuka ulichofanya, wanaosimulia, wanaokataa kufanya kazi na wewe mara ya pili, wanaokunyima udhamini siku unauhitaji. Wahenga walivyosema siku za mwizi ni arobaini hawakumaanisha siku ya arobaini inakuja yenyewe, kuna mtu ndo anamuona na anapiga kelele. Kwa hiyo aliyedhulumiwa akinyamaza kabisa, hamwambii hata mtu mmoja, alafu anasema karma itafanya kazi yake, mara nyingi huyo ndo kaifunga karma mikono bila kujua.

Sasa kabla ya kulinganisha tuweke sawa kitu kimoja, maana karma ya mtandaoni na karma ya dini zenyewe haziko sawa. Kwenye Uhindu, Ubudha na Ujaini (dini nyingine ya kale ya India) matunda ya tendo yanaweza kuja maisha haya au maisha mengine kabisa, hakuna aliyekuahidi kwamba mtu akikuibia leo mwisho wa mwezi atafukuzwa kazi ili wewe uone. Buddha ndo kaenda mbali zaidi, uzito kauweka kwenye nia, yaani ulikusudia nini ulipotenda, na alipoulizwa kama kila maumivu anayopata mtu yanatokana na matendo yake ya nyuma alikataa, akasema mengine yanatokana na ugonjwa wa mwili, mengine hali ya hewa, mengine ni ajali tu. Kwa Waislamu na Wakristo hesabu kamili ni siku ya hukumu. Ukiziangalia zote hizo hakuna inayokupa tarehe, kwa hiyo mtu anayekwambia "subiri utaona, mwaka hauishi" hiyo ahadi kaitoa yeye mwenyewe.

Tuanze na kuiachia karma. Faida zake zipo na si ndogo. Haikugharimu hela, haikuingizi kwenye ugomvi, na kwa mtu ambaye jambo limeshaisha na hakuna cha kurudishwa inampa ruhusa ya kuendelea na maisha. Mtu kakutukana njiani, kakukata foleni, kakusema vibaya kwa watu ambao wala hawamwamini, hapo we mwachie ya kwake, dua la kuku halimpati mwewe lakini pia si kila mwewe anastahili kufukuzwa siku nzima.

Shida inaanzia kwenye kitu ambacho watu hawakisemi, kwamba kusubiri kuna mtu kunamfaidisha, na huyo mtu si wewe. Kila siku unayosubiri yeye anaendelea kuwa na hela yako, au anaendelea na cheo alichopata kwa kazi yako, na mbaya zaidi anaendelea kukutana na watu wapya ambao hawajui. Unakuta jamaa kadhulumu watu kadhaa kwa mtindo uleule mmoja, na kila aliyedhulumiwa alinyamaza akisema Mungu anamuona. Ni kweli anamuona, lakini yule aliyefuata angeonywa na wa kwanza asingeingia.

Alafu kuna upande wa pili wa hii imani ambao mi unanitisha zaidi ya wote. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Melvin Lerner na mwenzake Carolyn Simmons waliwaonyesha watu mwanamke aliyeonekana anapigwa shoti za umeme kila akikosea jibu (hazikuwa za kweli, alikuwa anaigiza, ila watazamaji hawakujua). Wale waliokuwa hawana namna ya kumsaidia na wakajua mateso yataendelea, walianza kumshusha thamani yule mwanamke, wakamuona si mtu wa maana kivile. Lerner aliielezea hivi: tunatamani sana dunia iwe ya haki, kila mtu apate anachostahili, na tukiona mtu anaumia bila kosa na hatuwezi kufanya kitu, basi ni rahisi kujiaminisha kwamba lazima kuna alichofanya. Hiyo ndo karma ya mitaani ikigeuka. Mtu anaugua unasikia "sijui aliwafanyia nini watu huyu", mtoto anapata ajali watu wanaanza kuchimba mambo ya wazazi wake. Ukishazoea kuamini kwamba kila kinachompata mbaya wako ni malipo, huwezi kukwepa kuamini kwamba kila kinachompata mtu mwema nacho ni malipo, hauwezi kuchukua upande mmoja wa hesabu ukaacha mwingine.

Na hii imewahi kuumiza watu kwa mamilioni, sio maneno ya kukuza. India watu waliozaliwa kwenye matabaka ya chini waliambiwa kwa karne nyingi kwamba hali yao ni matunda ya maisha yaliyopita. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa 1891 kwenye jamii ya Mahar iliyohesabiwa haifai hata kuguswa, hakukaa kusubiri maisha yajayo. Alisoma hadi akawa mwanasheria na mchumi, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na katiba iliyoanza kufanya kazi tarehe 26 Januari 1950 ina kifungu cha 17 kinachofuta kabisa ule utaratibu wa kutengwa. Na Oktoba 1956 akaingia Ubudha akiwa na umati mkubwa wa wafuasi wake pale Nagpur, yaani dini ambayo nayo inafundisha karma, ila yeye alikataa katakata karma inayotumika kumwambia maskini kwamba shida zake ni stahili yake. Mi huyo ndo namuona mfano wa mtu aliyeheshimu imani na akadai haki kwa wakati mmoja, hakuona kama kimoja kinaua kingine.

Haya, kisasi. Hii sitaizungumzia sana maana kila mtu anajua utamu wake uko wapi, unataka aumie kama ulivyoumia, dawa ya moto ni moto. Kwa haraka inashinda kuiachia karma, matokeo unayaona leoleo. Lakini mwaka 2008 Kevin Carlsmith na wenzake Timothy Wilson na Daniel Gilbert walitoa utafiti, waliwaweka watu kwenye mchezo wa kuchangia hela, mmoja akawasaliti wenzake, kundi moja likapewa nafasi ya kumwadhibu na lingine halikupewa. Watu walioulizwa watajisikiaje walitegemea kumwadhibu kutawafanya wajisikie vizuri. Lakini waliomwadhibu kweli wakajisikia vibaya kuliko wale ambao hawakupata hata hiyo nafasi, na sababu moja ni kwamba waliolipiza waliendelea kumuwaza yule msaliti wakati wenzao walishamtoa kichwani. Ukijumlisha na ukweli kwamba kisasi mara nyingi kinakuingiza wewe kwenye kosa, ulikuwa mwenye haki sasa mko wawili mnaoshtakiana, hiyo njia mi naiweka ya mwisho. Na pia mchuma janga hula na wa kwao, ukimharibia mtu kazi umewaharibia na watoto wake ambao hawakukufanya kitu.

Kudai waziwazi ndo hapa pana mambo mengi na ndo watu wanapapita haraka. Watu wanadhani kudai ni ugomvi. Miaka ya mwanzoni ya 1980 mtaalamu wa siasa Robert Axelrod alifanya mashindano ya programu za kompyuta, kila programu inakutana na nyingine raundi nyingi na kila raundi inachagua kushirikiana au kusaliti. Ziliingia programu ngumu, zenye ujanja wa kila aina. Iliyoshinda ni fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport, inaanza kwa kushirikiana alafu inafanya kile mwenzake alichofanya raundi iliyopita, basi. Axelrod akatangaza matokeo akaita mashindano ya pili, watu wakijua kabisa nani wa kumpiga, zikaja programu 62, ileile ikashinda tena. Axelrod alipochambua kwa nini, akaona tabia zake ni nne: haianzi kamwe kumkosea mtu, ikikosewa inajibu hapohapo, mwenzake akirudi kwenye mstari inaacha yaishe bila kinyongo, na inaeleweka, yaani mwenzako anajua kabisa ukifanya hivi utapata hivi.

Angalia zile tabia vizuri utaona hazifanani na kuiachia karma wala na kisasi. Anayeiachia karma hajibu. Anayelipiza hasamehi, na mara nyingi anajibu zaidi ya alivyofanyiwa. Na wataalamu waliokuja baadaye waliona ile programu nayo ina udhaifu, ikitokea kutoelewana kidogo tu, meseji haikufika, mtu kakosea kubonyeza, mbili za aina hiyo zinaweza kulipizana bila mwisho, na dawa yake ni kusamehe mara mojamoja hata kama hujaombwa. Sasa hapo ndo mahali pake kusamehe, kunakuja baada ya kuwa umejibu na umeeleweka, au pale unapohisi labda hakukusudia. Kusamehe ni wewe unaamua deni lifutwe. Kuiachia karma deni bado lipo moyoni mwako, umebadilisha tu mkusanyaji, na kila ukisikia habari zake unachungulia kama ameshalipwa, sasa huo utulivu uko wapi.

Watafiti wawili wengine, Martin Nowak na Karl Sigmund, mwaka 1998 walionyesha kwa hesabu kwamba wema unaweza kuendelea kuwepo hata kati ya watu ambao hawatakutana tena, ili mradi watu wanaona nani kamsaidia nani na wanapendelea kuwasaidia wenye sifa nzuri. We unamsaidia fulani, mimi nakuona, nakusaidia wewe. Kwangu mimi hayo ndo maelezo mazuri kabisa ya "wema hauozi" na ya malipo ya hapahapa duniani. Lakini yanasimama kwenye kitu kimoja, habari zifike. Habari zisipofika, mwizi na mwaminifu wanaonekana sawa.

Basi tuje kwenye hali halisi, maana njia moja haiwezi kufaa kila kitu.

Deni la rafiki. Kakopa, kaahidi, siku zimepita, simu anapokea ila anabadilisha stori. Ukiiachia karma unapoteza hela na rafiki kwa pamoja, maana kimoyomoyo umeshaanza kumchukia na yeye kwa aibu ameshaanza kukukwepa. Ukilipiza, mfano umpost kwenye grupu la marafiki, unaweza kupata hela ila urafiki umezika na wenzenu watakuogopa wewe. Kudai waziwazi ni meseji moja tulivu, kitu kama: "Habari za siku. Nakumbushia ile hela tuliyoongea, tulikubaliana mwisho wa mwezi uliopita. Kama yote haiwezekani kwa sasa niambie unaweza kuanza na kiasi gani na lini." Haina tusi, haina Mungu anakuona, ina tarehe na ina mlango wa kutokea. Akijibu vizuri mmemaliza, asipojibu umeshajua na huna haja ya kukopesha tena, na mtu akikuuliza huyu vipi kwenye hela unamjibu ukweli bila kuongeza chumvi. Kama kiasi unaweza kukiacha, basi mwambie nimekusamehe, umwambie yeye mwenyewe, sio unajisemea peke yako alafu miaka inapita bado unakihesabu.

Kazini mtu kachukua kazi yako kaipeleka kwa bosi kama yake. Hapa mi sina mashaka kabisa, kuiachia karma ndo chaguo baya kuliko yote, hata kuliko kisasi kidogo, kwa sababu ofisini karma ni rekodi. Anayekumbukwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye faili. Ongea naye kwanza peke yenu, mwambie nimeona ile ripoti imeenda bila jina langu na naomba irekebishwe kabla ya kikao, umpe nafasi maana kweli kuna wanaosahau. Akikuzungusha, kazi inayofuata we tuma mwenyewe kwa barua pepe na bosi awe ndani. Wala huna haja ya kumchongea kwa mtu, unaacha tu ukweli uonekane. Nimeona watu wanakaa kimya miaka wakitegemea siku moja yule mwenzao ataumbuka, na yule mwenzao anapanda tu, na mwisho ndo anakuwa bosi wao. Huko juu sasa hata ukisema nani atakuamini.

Mapenzi ni tofauti kabisa. Mtu kakuacha vibaya, kakudanganya, kaenda kwa mwingine. Hapa hakuna cha kudai kinachoweza kurudishwa, hauwezi kumdai mtu moyo, na kisasi kwenye mapenzi ndo kinaharibu maisha ya watu haraka kuliko kingine chochote. Hapa naweza kukwambia mwachie, kabisa, lakini mwachie na kufuatilia pia. Ukimwachia karma alafu kila usiku uko kwenye profaili yake unaangalia kama ameshaachwa na yeye, hujamwachia kitu. Mblok ulale. Isipokuwa kama kuna watoto, au mali mliyochuma pamoja, au alikupiga, hayo matatu sio mapenzi tena hayo ni haki na yana sheria zake, usimruhusu mtu akwambie vumilia Mungu atalipa.

Na mtu mwenye nguvu kuliko wewe je. Mwenye nyumba, bosi mwenyewe, ndugu mkubwa anayeogopwa na ukoo mzima. Hapa naelewa kabisa kwa nini watu wanaiachia karma, kudai kunaweza kukutoa kazini au kukutupa barabarani. Sitakwambia kuwa jasiri kwa gharama ambayo mimi siilipi. Ila katikati ya kudai leo na kunyamaza milele kuna nafasi kubwa: tunza ushahidi, skrinishoti, risiti, tarehe, majina ya waliokuwepo. Tafuta na wengine waliofanyiwa hivyohivyo, mara nyingi wapo na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Huko ndo kusubiri kunakuwa na maana, unasubiri huku ukiwa na kitu mkononi, ikitokea siku mlango umefunguka, kabadilishwa, kashtakiwa na mwingine, umehama, we uko tayari. Kusubiri bila kuandika hata mstari mmoja ni kumpa zawadi ya kusahaulika.

Kilichobaki ni upande ambao kwenye mada za karma watu wanaupita mbio, kama aliyekosea ni wewe. Hapa pia kuna kuchagua na njia ni mbili tu, usubiri ikurudie au uende mwenyewe. Wengi wanachagua ya tatu isiyokuwepo, wanafanya wema kwa watu wengine wakitegemea utafuta ule ubaya, anamdhulumu huyu anamchangia yule. Kuchangia ni kuzuri ila aliyedhulumiwa hajapata kitu. Waislamu wanalifundisha hili wazi, haki ya mja mwenzako toba peke yake haitoshi mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe, na kwa Wakristo ipo stori ya Zakayo mtoza ushuru ambaye hakuishia kusema nimeokoka, alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kwa hiyo kama una cha mtu kirudishe, kama ulimsema mtu uongo rudi kwa walewale uliowaambia ukakanushe, na ukienda kumwomba msamaha taja kosa lenyewe, usiseme "kama nilikukwaza popote". Anaweza kukukatalia na ana haki hiyo, hapo we ulichoenda kufanya kimeshafanyika, usimbane akusamehe ili wewe ujisikie vizuri.